Kamba Niliyokushikisha

Hai Malakal, Juba
Alasiri, kabla hujarudi

Keji mwanangu,

Umekwenda Jebel kumuaga shangazi yako, na nikimjua shangazi yako hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kulia mara moja. Kwa hiyo nina muda. Nimekalia kiti cha marehemu mama yako, na karatasi nimeiweka juu ya sanduku lako kwa sababu meza ina mguu mbovu ambao nimeahidi kuutengeneza tangu mwaka juzi. Naandika Kiswahili, lugha tuliyokulea nayo Kitale na ambayo hatukuiacha mpakani tuliporudi kwetu.

Sitakuambia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Wewe ndiye mkunga, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Kama kuna wa kumfundisha mwenzake kuchemsha maji, ni wewe. Wala sitakusimulia habari za tishari litakalokupeleka kazini Malakal, mji wenyewe, kesho asubuhi. Nimelikagua mwenyewe wiki nzima, bati kwa bati, mpaka wenzangu wakanicheka. Wanasema mzee anamsafirisha binti yake kama anasafirisha yai. Wacha wacheke.

Ninachotaka kukuambia ni kingine. Kuna jambo ambalo nimelisema mbele ya kanisa mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na kwako sijalisema hata mara moja. Na kila niliposema kanisani nilisema uongo, na wewe ulikuwa umekaa pale na ulijua. Sitaki upande tishari lile nikiwa bado sijasema.

Ushuhuda wangu unaujua kwa moyo. Wote katika ibada ya Kiswahili wanaujua. Nasimama, nasafisha koo, nasema, "Bwana asifiwe," wanaitikia. Nasema nilikuwa mlevi wa siko, ile pombe kali ya kienyeji inayokata koo, nilikuwa nalala mchana nje ya nyumba yangu kama gunia. Nasema siku moja niliamka asubuhi chupa tupu mpaka nikalia, mama yenu akaenda matangani Jebel akaniachia watoto, na Taban, wa miaka miwili, akavuta sufuria ya chai iliyokuwa juu ya jiko, ikammwagikia shingo na mkono, nami mchana ule nimelewa, nimelala hatua tatu kutoka kwake. Hapo kina mama huguna. Nanyamaza kidogo, maana nilikwisha jifunza mahali pa kunyamaza. Kisha nasema, "Dada yake, niliyemwachia amwangalie, alikuwa ametoka kucheza kamba. Watoto ni watoto. Nilimsamehe siku ile ile, kwa sababu nami nilihitaji kusamehewa." Na kanisa zima linapiga haleluya.

Miaka kumi na miwili nimesema hivyo. Nimealikwa makanisa mengine nikaseme hivyo. Mara moja walinipeleka ng'ambo ya mto kwa pikipiki, nikasema hivyo, nikapewa kuku.

Wewe ulikuwa unakaa safu ya waimbaji, upande wa dirisha. Nilikuwa nakuona. Nilipofika pale pa kamba ulikuwa unatazama kitabu cha nyimbo. Nilijiambia binti yangu ana heshima, hapendi kutajwa hadharani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno mazuri.

Sasa nikuandikie ilivyokuwa. Unajua, lakini haijawahi kutoka kinywani mwangu, na nataka uione kwa mwandiko wangu, ili siku mtu yeyote akikuambia vingine uwe na karatasi.

Sikuwa nimelala. Siko ilikuwa imekwisha na mikono ilikuwa inanitetemeka. Wewe ulikuwa umemshika Taban kiunoni, unamchezesha pembeni kabisa, mbali na jiko, kama mama yako alivyokuonya. Nilikuita nikakupa chupa tupu ya soda. Nikakuambia nenda kwa yule mama mpikaji wa siko, nyumba ya tatu, mwambie ajaze, mbio. Ukasema, "Baba, na Taban?" Ulikuwa na miaka tisa, na ulikuwa na akili kuliko mimi. Nikakuambia, "Mimi si nipo?" Ukaenda. Mimi nikageuka ukutani kutafuta kipande cha sigara. Basi. Haikuchukua hata muda wa kuvaa viatu.

Uliporudi na chupa imejaa, Taban alikuwa analia ile sauti ambayo sitaieleza. Majirani walikuwa bado hawajaingia. Hapa ndipo penyewe, Keji. Sikumkimbilia mtoto kwanza. Nilikimbilia chupa. Nikaichukua mkononi mwako nikaisukumiza chini ya kitanda. Kamba yako ya kuruka ilikuwa imening'inia kwenye waya wa nguo. Nikaitoa, nikakushikisha. Nikakuambia, "Mama yako akiuliza, ulikuwa unacheza."

Mama yako alikuta kamba mkononi mwako. Alikuchapa kwa kamba ile ile huku akilia, na mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimembeba Taban, nikamwambia, "Mwache, mama, ni mtoto." Nilijiona baba mwenye huruma. Ulinitazama mara moja tu.

Tangu siku ile sijakuona ukiruka kamba tena.

Miezi ilipita, nikaacha pombe. Hilo lilikuwa kweli na bado ni kweli, na sitaruhusu aibu ya leo inifanye nilikane. Nilipiga magoti katika kanisa lile la mabati, mchungaji akaniwekea mikono, nikalia mpaka shati likalowa, na nikainuka nikiwa nimeondolewa kitu. Sijaonja tena hata tone. Naamini Mungu alinisamehe. Nakuandikia haya nikiwa bado naamini.

Lakini nimekaa kwenye kiti hiki mchana kutwa najiuliza nilimpelekea nini Mungu siku ile. Nilimpelekea ulevi, na ulevi aliupokea. Kamba sikumpelekea. Niliiacha mkononi mwako. Na baadaye, kila niliposumbuka usiku, nilijiambia yamekwisha, damu imeosha, Mungu hakumbuki, kwa nini nikumbuke mimi? Mchungaji aliniambia hivyo hivyo, kwa nia njema, kwa kuwa naye alijua nusu tu ya habari. Nilijificha ndani ya msamaha wa Mungu kama mtoto anavyojificha nyuma ya gauni la mama yake baada ya kumpiga mwenzake. Je, Mungu alisamehe na lile nisilolipeleka? Sijui. Mtu aliyesoma angeweza kukujibu. Mimi ninajua vyuma. Bati likioza, huwezi kuchomelea kiraka juu ya kutu. Lazima ukate mpaka ufike kwenye chuma kizima, hata kama tundu litakuwa kubwa la kutisha. La kuvunda halina ubani. Nilikuwa nawafundisha vijana wa bandarini hivyo kila siku, halafu Jumapili nasimama nafukiza ubani.

Ungeweza kuuliza mbona nimeamka leo. Mwamshaji ni Mama Nakato, yule Mganda anayekaanga chapati karibu na geti la bandari. Wiki tatu zilizopita nilishuhudia, unakumbuka, tulikuwa na wageni. Tulipotoka nje akanivuta pembeni. Ulikuwa umesimama hapo hapo na mwavuli.

"Muzee, mimi iko na swali kidogo."

"Uliza tu, dada yangu."

"Wewe nasema asubuhi ile chupa ilikuwa tupu, hata unalia. Halafu nasema muchana ulikuwa ya kulewa, nalala. Sasa ile ingine nani alileta?"

Nikamwambia, "Dada, hayo Bwana ameshafuta."

"Bwana alifuta, ndiyo, haleluya. Mimi nauliza tu nani alileta."

Hakuwa na ubaya. Ni mtu anayefuata hadithi vizuri, basi, na hadithi yangu ilikuwa na tundu ambalo watu wote wa Mungu walikuwa wameliruka. Na wewe ukasema, "Mama Nakato, jua kali, twende nikusindikize," ukamshika mkono mkaondoka.

Uliniokoa. Miaka ishirini na miwili, mkunga mzima, na bado ulikuwa unaichukua ile chupa mkononi mwangu na kuificha. Nilirudi nyumbani kwa miguu peke yangu, na kila boda aliyenipigia honi nilimpungia mkono apite. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na mitatu, na wewe ndiwe uliyekuwa unaifagia.

Lakini hayo yote, mwanangu, siyo yanayonichoma zaidi. Nimezunguka, nimezunguka, sasa niseme.

Unakumbuka mama yako alipokuwa amelala humu ndani, mwezi wake wa mwisho. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa miguuni pake na kikombe cha uji. Akakuita, ukapiga magoti kando ya kitanda. Akakuwekea mkono kichwani na kusema, "Keji, lile la Taban. Nimekusamehe zamani sana. Usilibebe tena."

Ukanitazama. Mara ya pili maishani mwako ulinitazama vile. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Mama yako angekasirika, angenilaani labda, lakini angekufa akimjua binti yake. Nami nikakoroga uji. Ulikuwa umeshapoa, nikaukoroga.

Ukamwambia, "Asante, Mama."

Akalala vizuri siku ile. Alilala kama mtu aliyemaliza kazi.

Ule msamaha ulikuwa wangu, Keji. Mama yako aliutoa kwa moyo wake wote na ukaenda nyumba isiyo yake. Wewe uliupokea kwa kosa usilolifanya, na mimi niliyelifanya sikupata kitu, wala sitapata, kwa sababu aliyekuwa nao amekwenda nao. Jana nilikwenda makaburini nikamwambia yote. Nilisema kwa sauti mpaka mchimbaji mmoja akageuka.

Kuna kishawishi hapa, na nakuambia ili ujue jinsi baba yako alivyo. Nilipokuwa natoka makaburini nikaanza kufikiri kwamba huu ni ushuhuda mkubwa: asiye na kosa akabeba kosa la mwenye kosa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nami nilikuwa nalihubiri bila kuliona. Nikawa nimeshaanza kupanga mahali pa kunyamaza! Sitakufanya Mwokozi wangu. Yule alikwenda kwa hiari yake. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka tisa uliyemwogopa baba yako.

Kwa hiyo nakuomba radhi. Nimelitafuta neno kubwa zaidi sikulipata. Mara moja, ulipokuwa na miaka kumi na minne, nilikuambia "maalesh" jikoni, bila kusema ya nini, neno tunalomwambia mtu tuliyemkanyaga mguu sokoni. Ukasema, "Si kitu, Baba." Nikaridhika! Leo nasema ya nini. Nakuomba radhi kwa chupa, kwa kamba, kwa viboko vya mama yako, kwa kila Jumapili niliyokusamehe mbele za watu, na kwa ule uji.

Wala sitaki unijibu. Najua ukisoma utafanya haraka kuniambia si kitu, ndivyo nilivyokulea, nilikulea kunipumzisha. Usifanye. Chukua muda wako huko Malakal, uwe mwaka, uwe kumi. Kama siku moja utaona unanisamehe, utakuwa msamaha wako, umeutoa wewe. Kama hutaona, usikubali mtu wa kanisani akuharakishe kwa kukuambia Mungu amekwisha kunisamehe. Nilimtumia Mungu hivyo mwenyewe na najua inavyomuumiza anayengojea.

Jambo moja la kazi, halafu ninyamaze, maana nilisema sitakufundisha. Wataletwa kwako watoto walioungua. Ni kawaida ya nyumba zetu, majiko yako chini na watoto wako chini. Mkubwa atakueleza ilivyokuwa, na atasema, "Dada yake alikuwa anacheza." Mshughulikie aliyeungua kwanza. Kisha mtafute na yule dada, popote aliposimama, umwite kwa jina lake.

*

Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimekwisha andika "Baba yako" na kukunja karatasi. Halafu nikamsikia Taban uani anasugua viatu vyake vya shule akiimba, nikakumbuka mwezi uliopita mlipogombania chaja ya simu, akakuambia, "Wewe nyamaza, wewe si ndiye uliyenichoma?" Wewe ukamwachia chaja. Mimi nilikuwa nasoma gazeti.

Nikaona barua hii nayo ni ujanja. Nakuandikia wewe unayejua, halafu namwacha asiyejua. Nikaenda uani.

Nilimwambia nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa na sikuwa na haki ya kukaa. Nilimwambia yote, mpaka kamba. Brashi ya viatu ikasimama.

"Dada alikuwa anajua?"

"Alikuwepo."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Akautazama mkono wake wa kushoto, lile kovu linaloanzia kiwiko, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa upya. "Na mimi nimekuwa nikimwambia..." Nikaanza kusema kwamba Mungu, na kwamba mimi, na sijui nilikuwa nataka kufika wapi.

"Kalas, basi, Baba," akasema. "Wachana na mimi. Si leo."

Nimewachana naye. Nimerudi kitini kuandika haya.

Dakika chache zilizopita ameingia humu ndani. Hakunitazama. Amelishika sanduku lako, nami nikanyanyua karatasi zangu haraka, akalibeba kichwani, lile zito ambalo jana alikuambia kama unalitaka bandarini ulitembeze mwenyewe. Ndiyo maana mistari hii imepinda. Naandika juu ya goti.

Namwona kutoka hapa. Amelipeleka mpaka getini na amelikalia. Amevaa shati lake la kanisani. Nilimpelekea maji, amekataa, na ana haki ya kukataa. Kila boda inayopita kutoka upande wa Jebel anasimama, anaangalia, anakaa tena.

Jumapili sitasimama kushuhudia. Nitakwenda geti la bandari kwa Mama Nakato, anakaanga, watu wanasubiri foleni, nimjibu swali lake: aliyeleta ni Keji, aliyemtuma ni mimi. Nadhani atauliza lingine. Nitamjibu na hilo.

Ukifika, usije ndani kwanza. Kuna mtu pale ana neno lako, na amelingoja muda mfupi tu, lakini ni mara yake ya kwanza na hajui kungoja. Mwache aseme yeye. Ukimwona anakosa maneno usimsaidie, mwanangu. Safari hii usimfichie mtu chupa.

Barua hii utaipata chini ya mto wako, hayo ya getini yakiwa yamekwisha pita; niliyoandika hapo juu ni maombi tu. Mimi nitakuwa jikoni, napika chai, na jiko nimeliinua juu ya meza nyingine, yenye miguu mizima.

Niliyekutuma,
Baba yako